Chungu huyu ni nani? Utatuzi wa matatizo kwa anayeanza kutambua chungu wa porini

Wanaoanza kutambua chungu hukwama karibu mahali palepale. Mmoja amepewa na simu jina la mdudu wa Ulaya, mwingine ana picha thelathini na zote zina ukungu, wa tatu amewaona weusi wanne na haoni tofauti yao. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili kama watu wanavyozieleza. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida imetangulia na ile ya nadra imekuja mwisho. Mifano ni ya Kenya na Tanzania, kuanzia minazi ya pwani hadi migunga ya Laikipia.

Shika utaratibu huu tangu mwanzo: tazama kiuno kwanza, kisha mahali alipo na anachofanya, na rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza na rangi, na matatizo mengi yaliyo hapa chini chanzo chake ni hicho.

Vifaa havina gharama kubwa. Tafuta lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, rula ndogo, karatasi nyeupe, kichupa cha plastiki kinachoonyesha ndani, na asali kidogo.

"Programu ya simu inanipa jina tofauti kila picha, au jina la chungu wa Ulaya"

Mara nyingi kosa liko kwenye picha yenyewe. Imepigwa kutoka juu, kiuno hakionekani, na programu imebaki kukisia kwa umbo na rangi. Piga tena kutoka ubavuni kabla ya kulaumu programu.

Sababu ya pili ni mahali. Kama simu haikurekodi ulipokuwa, programu huchagua katika dunia nzima. Washa huduma ya mahali, au andika eneo kwa mkono unapopakia picha iNaturalist, mtandao wa kushirikishana picha za viumbe ili vitambuliwe.

Ya tatu ni kwamba programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi sana za Ulaya na Amerika Kaskazini. Ndiyo maana chungu wetu wadogo weusi hupewa jina la *Lasius niger*, na wekundu wakaitwa *Formica rufa*. Jenasi hizo mbili (jenasi ni kundi la spishi za karibu, na ndiyo neno la kwanza la jina la kisayansi) ni za nchi za kaskazini, huwezi kuzikuta kwenye pori la Tanga wala la Kajiado. Ukipewa *Formica rufa* kwa chungu mwekundu uliyempata kwenye mwembe wa pwani, karibu kila mara ni maji moto, *Oecophylla longinoda*.

Suluhisho la kina ni kuacha kutafuta spishi kwanza. Rudi nyuma hadi "Formicidae", yaani familia ya chungu, kisha ushuke taratibu kwa viungo vya mwili. Fungua AntWeb, hifadhi ya picha inayosimamiwa na California Academy of Sciences, uchague nchi yako. Humo chungu wengi wamepigwa uso, ubavu na mgongo, na unaweza kulinganisha na picha zako sehemu kwa sehemu. Nusu saa ya kulinganisha hivi inafundisha zaidi ya majina mia ya kubahatisha.

"Picha zangu zote zina ukungu"

Chungu anakimbia na simu haiwezi kumfuata. Usimkimbize. Weka tone la asali, dogo kuliko punje ya mchele, kwenye karatasi nyeupe kando ya njia yao. Akifika atainamisha kichwa, miguu itatulia, na tumbo litaanza kuvimba polepole kadiri anavyokunywa. Hapo unapata sekunde nyingi za kupiga picha. Wasipojali asali, jaribu kipande cha dagaa, kwa kuwa wengine wanatafuta protini. Andika walichopenda, utakihitaji baadaye.

Kama bado hawatulii, mwingize mmoja kwenye kichupa, ukiweke kwenye jokofu (si kwenye friza) kwa dakika chache. Atapoa na kutembea taratibu. Mpige picha upesi, halafu umrudishe palepale ulipomtoa. Ukimwachia mbali na kwao, chungu wa kiota kingine watamuua.

Picha zinazotosha ni tatu: ubavu, mgongo, na uso ukitazamwa kutoka mbele. Ya ubavu ndiyo ya lazima. Weka rula ndani ya fremu, maana "mdogo" na "mkubwa" havimsaidii anayejaribu kukujibu akiwa mji mwingine.

"Sina hakika kama ni chungu"

Swali zuri, na wengi hulipuuza. Chungu ana vipapasio vilivyokunjika kwenye kiwiko na kiuno chembamba chenye nundu moja au mbili. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, shuku.

Anayechanganywa zaidi na chungu ni mchwa. Vipapasio vyake vimenyooka na vina vipingili vidogo kama ushanga, na mwili wake hauna kiuno. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni mchwa wenye mabawa: mabawa yote manne yana urefu sawa. Chungu mwenye mabawa ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Wapo pia buibui wanaojifanya chungu, wa jenasi *Myrmarachne*. Huinua miguu ya mbele na kuichezesha mithili ya vipapasio. Hesabu miguu. Ikifika minane, umemaliza. Wadudu wachanga wa jamii ya kunguni-mimea na vivunjajungu wachanga nao huiga chungu, lakini vipapasio vyao havina kiwiko.

Wawili wa mwisho huchanganywa na chungu kwa nadra zaidi lakini wanaumiza, kwa hiyo wajue kabla hujanyoosha kidole.

Wa kwanza ni Nairobi fly, mdudu wa jenasi *Paederus*, ambaye ni jamii ya mbawakawa. Mwili wake mwembamba una kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, na vifuniko vifupi vya mabawa vyenye rangi ya buluu au kijani kinachong'aa. Hutokea kwa wingi wakati wa mvua na hufuata taa. Hang'ati wala hana mwiba, ila ukimponda kwenye ngozi, maji yake yenye sumu iitwayo pederini huchoma na kutoa malengelenge, mara nyingi kesho yake. Mpulize au mwondoe kwa karatasi, kisha osha kwa sabuni. Usishike macho.

Wa pili ni nyigu jike asiye na mabawa wa familia ya Mutillidae, mwenye vinyweleo vizito, mara nyingi kifua chekundu na madoa meupe kwenye tumbo jeusi. Hutembea peke yake mchangani. Mwiba wake ni mkali sana. Huyu hakamatwi kwa mkono.

"Wote ni weusi, siwezi kuwatofautisha"

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na ndilo lenye jibu zuri kuliko yote. Chukua lenzi, iweke karibu kabisa na jicho lako, kisha msogeze chungu hadi aonekane vizuri. Tazama kati ya kifua na tumbo. Hesabu nundu.

*Nundu mbili.* Uko kwenye kundi la Myrmicinae, au kwa nadra Pseudomyrmecinae. Sasa tazama tumbo. Likiwa na umbo la kopa, limechongoka mwishoni, na mwenyewe analipindua juu ya mgongo hadi karibu na kichwa akiudhiwa, huyo ni *Crematogaster*. Utamkuta mtini kuliko chini, na baadhi yao hujenga kiota cheusi cha nyuzi za mimea zilizotafunwa, kikiwa kimekamata tawi. Kama mwili wote ni mrefu, mwembamba, na macho ni makubwa, fikiria *Tetraponera*. Na kama njia yao ina wadogo wengi na wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, ni *Pheidole*.

*Nundu moja, tumbo limebanwa baada ya pingili ya kwanza.* Tazama kutoka ubavuni: kuna mfinyo unaozunguka tumbo. Hawa ni Ponerinae, na wana mwiba. Wale weusi wakubwa ambao wengi wetu tunawaita sungusungu wako humu. Wakiwa wanatembea kwa safu nene kuelekea kwenye mchwa, au wanarudi kila mmoja na mchwa kadhaa mdomoni, ni *Megaponera analis*. Ukiwasogelea watatoa mlio mwembamba wa kukwaruza unaosikika kwa sikio tupu. Hawa ndio chungu wanaojulikana kwa kubeba wenzao waliojeruhiwa vitani na kuwarudisha kiotani. Akiwa mweusi mkubwa anayewinda peke yake na kutoa harufu mbaya akishikwa, elekea *Paltothyreus tarsatus*.

*Nundu moja, tumbo laini lisilo na mfinyo.* Hapa wengi ni Formicinae. Hawana mwiba; hung'ata na kurusha asidi kupitia kitundu cha duara kwenye ncha ya tumbo. *Camponotus* ana mgongo wa kifua ulioinama kwa mstari mmoja usiokatika ukimtazama ubavuni. *Polyrhachis* ana miiba mgongoni au kwenye nundu. Mdogo mwenye miguu na vipapasio virefu mno, anayekimbia kwa zigizaga bila mpango, mara nyingi ni *Paratrechina longicornis*, ambaye amesambaa kwenye miji ya nchi za joto duniani kote.

*Nundu moja na hakuna macho kabisa.* Siafu, jenasi *Dorylus*. Wafanyakazi wote ni vipofu. Chungu weusi wenye macho wanaotembea kwa safu si siafu, hata wawe wengi kiasi gani.

Kwa anayetaka zoezi, hakuna mahali pazuri kama migunga yenye miiba iliyovimba, *Vachellia drepanolobium*, kwenye udongo mweusi wa Laikipia. Chungu wanne hugawana miti hiyo, na kila mti kwa kawaida una mwenyeji mmoja. *Crematogaster mimosae* ana kichwa na kifua chekundu na tumbo jeusi. *Crematogaster nigriceps* ana kifua chekundu katikati ya kichwa na tumbo vyeusi, na mti wake umepunguzwa machipukizi. *Crematogaster sjostedti* ni mweusi mtupu na hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mbawakawa, si ndani ya miiba. *Tetraponera penzigi* naye ni mweusi mtupu lakini mwembamba. Rangi inasaidia hapa, kwa sababu tayari tumeshapunguza wanaowezekana hadi wanne.

Na kutambua kuna maana kubwa huko. *Pheidole megacephala*, mgeni mwenye kichwa kikubwa, ameingia eneo hilo na kuwaua chungu wenyeji wa migunga. Miti ikibaki bila ulinzi, tembo huivunja. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2024 ulionyesha kwamba uwazi uliobaki umewapunguzia simba maficho ya kuvizia pundamilia, na wamegeukia nyati. Yote hayo yameanzia kwa mdudu wa milimita 2 au 3 ambaye mtu angempita akimwita sisimizi tu.

"Kwenye njia moja kuna wakubwa na wadogo. Ni spishi mbili?"

Karibu kila mara ni moja. *Pheidole* ana maumbo mawili ya wafanyakazi, mdogo na askari. Siafu wana ukubwa wa kila kipimo, kutoka wadogo hadi askari wenye taya ndefu zilizopinda. *Camponotus* wengi na *Megaponera* pia hutofautiana.

Hakikisha hivi: wakikutana, wanagusana vipapasio na kuendelea na safari? Ni ndugu. Wakikamatana na kuburutana, ni makundi mawili. Na usimpige picha mdogo peke yake. Kwa *Pheidole*, askari ndiye anayebeba alama nyingi za spishi.

Mara chache utakuta mmoja wa aina nyingine akipita njia yao kwa kuiba. Atakuwa peke yake na haguswi vipapasio.

"Rangi haifanani na picha ya kulinganishia"

Usimwondoe kwa rangi. Mfanyakazi aliyetoka tu kwenye ganda huwa mweupe-manjano kwa siku kadhaa. Aliyekunywa sana, ngozi kati ya pingili za tumbo hutanuka, na tumbo huonekana na michirizi, hata rangi ya alichokunywa. Maji moto wenyewe wapo wa manjano, wa kahawia nyekundu, na wa giza. Chungu mdogo sana mwenye kichwa cheusi na tumbo la kupauka, *Tapinoma melanocephalum*, ni mmoja wa wachache ambao rangi yenyewe inaweza kukutosha.

Kwa wakulima wa pwani jambo hili lina uzito. Maji moto hulinda minazi dhidi ya *Pseudotheraptus wayi*, mdudu anayenyonya nazi changa zikadondoka kabla ya wakati, na kwenye mikorosho pia wanafukuza wanyonyaji. Mkulima akiona "wekundu wanaong'ata" na kupuliza dawa bila kutambua ni nani, amemfukuza mlinzi wake. Ishara ya uhakika haihitaji lenzi: majani mabichi yaliyoshonwa pamoja kwa hariri nyeupe inayotolewa na mabuu wao. Anayekaa chini, anatoka usiku, na rangi yake ni kahawia-manjano na kichwa cheusi, huyo ni wa kundi la *Camponotus maculatus*; hakuna majani yaliyoshonwa kwake. Na ukiona *Pheidole megacephala* wamejaa chini ya minazi, usishangae maji moto wakiwa wachache juu, kwa kuwa hao wawili ni maadui.

"Nimepata mwenye mabawa na hafanani na yeyote"

Wenye mabawa ni madume na malkia wachanga, na funguo nyingi za kutambulia (orodha za maswali ya hatua kwa hatua) zimeandikwa kwa wafanyakazi. Kwa anayeanza, rekodi tarehe, saa na mvua, kisha ushuke hadi jenasi tu.

Wawili unaweza kuwajua. Mdudu wa kahawia mwenye urefu wa sentimita 3 hivi, tumbo refu la mviringo na macho makubwa, anayegonga taa usiku wa mvua, ni dume la siafu. Hana mwiba, ingawa huchezesha tumbo la kutisha. Malkia wa *Carebara vidua* naye ni mnene ajabu, na magharibi mwa Kenya huliwa. Wafanyakazi wake ni wadogo sana wa manjano ambao huwezi kuamini ni wanawe.

Akiwa chini, hana mabawa, na kifua kimetuna kuliko cha wafanyakazi, tafuta alama za mabawa yaliyong'oka ubavuni mwa kifua. Huyo ni malkia anayetafuta pa kuanzishia kiota. Mpige picha na umwache aende.

"Nimefika jenasi, spishi siipati"

Mara nyingi huo ndio mwisho halali wa kazi kwa picha. *Camponotus*, *Pheidole*, *Crematogaster* na *Monomorium* zina spishi nyingi mno Afrika, na tofauti zake ziko kwenye vinyweleo, mikunjo ya ngozi na vipimo vya kichwa vinavyohitaji darubini. Andika "*Camponotus* sp.", yaani spishi haijajulikana, bila aibu. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi ina faida kwa mtafiti. Jina la spishi la kubahatisha linamharibia ramani.

Simama hapa, uite mwenye ujuzi

Umeng'atwa au kudungwa na sasa midomo inavimba, pumzi inakaza, au vipele vimetokea mwili mzima: acha kila kitu, nenda hospitali mara moja. Maumivu na uvimbe wa mahali palipodungwa tu, osha kwa sabuni na ubandike kitambaa cha maji baridi. Maji ya Nairobi fly yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende kliniki siku hiyohiyo.

Siafu wakiingia nyumbani, usisogee kuwapiga picha kabla hujatoa mtoto mchanga, mgonjwa na mnyama aliyefungwa. Fungua banda la kuku. Kwa kawaida wakishawinda, huondoka wenyewe.

Usichimbe kiota wala kukusanya malkia. Kenya, wanyamapori ni pamoja na wadudu, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezewi: mwaka 2025 vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na chungu takriban 5,000, wakiwemo malkia wa *Messor cephalotes*, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Ukusanyaji wa utafiti unahitaji leseni, kupitia tume za taifa za sayansi na teknolojia: NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania. Ukipewa vichupa na pesa na mtu anayetaka "malkia wachache tu", kataa.

Ukishuku *Pheidole megacephala* kwenye hifadhi au shamba ambako hakuwepo, usiwamwagie sumu. Peleka picha kwa wasimamizi wa eneo, au Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Kwa minazi Tanzania uliza taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kituo cha Mikocheni, na kwa korosho TARI Naliendele, Mtwara. Tuma picha tatu zenye rula, tarehe, mahali na urefu kutoka usawa wa bahari kama unaujua, aina ya kiota, chambo walichokipenda, na kama njia yao ilikuwa na ukubwa mmoja au zaidi.